Utafiti wa amani na migogoro, kuna maisha kweli huku? Naombeni ushauri (niko Moshi)

Binti wa Uru

Habari zenu wakuu, wakubwa wangu shikamooni. Kuna jambo linanisumbua karibu mwaka sasa, nyumbani nimeshindwa kueleweka nikaona nililete hapa.

Nina miaka 27, digrii yangu ni sosholojia, nilimaliza 2021 na tangu hapo nafanya kazi za udadisi, yaani ile unapewa kishkwambi na dodoso unaingia vijijini kuhoji watu, siku kumi huku, wiki tatu kule, mradi ukiisha unarudi nyumbani kusubiri mwingine. Nimezunguka Hai, Siha, Rombo, Same mpaka Simanjiro. Mingi ilikua ya kilimo na afya ila miwili ya mwisho ilihusu migogoro ya ardhi na hiyo ndo imenigeuza kabisa. Nataka nisome mastaz ya amani na migogoro, niwe mtafiti, na Mungu akijalia nifundishe chuo.

Baba hataki hata kusikia. Anasema Tanzania ni nchi ya amani sasa unaenda kusomea nini, na kuna nafasi ya afisa mikopo kwenye saccos moja hapa mjini ndugu yetu ameniongelea, wananisubiri mpaka mwisho wa mwezi.

Niwape mfano mmoja mnielewe. Kijiji kimoja huku mlimani nilimhoji mzee ambaye yeye na mdogo wake wamegombana miaka mingi kwa mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Masale, ile mimea tunayopanda mpakani, yaling'olewa usiku, kila mmoja anasema ni mwenzie. Wakaenda baraza la kata, wakaenda wilaya, mwisho mzee akashinda. Sasa swali langu kwenye kishkwambi lilikua "Je, mgogoro huu umetatuliwa?" na majibu ni Ndiyo, Hapana, Sijui. Mzee akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani hajanisikia. Halafu akasema, karatasi ya hukumu ninayo ndani, lakini mdogo wangu hajanywa maji kwangu tangu siku ile. Akanyanyuka akanionyesha pembeni ya mlango, amepanda sale kwenye kopo la rangi (kwetu sale ndo la kuombea msamaha), akasema hili natunza la kumpelekea, siku nikilifunga fundo nikasimama nalo mlangoni kwake hawezi kunikataa, naogopa tu nisije nikafa kabla. Kishkwambi kinasubiri, usipojibu hakikupeleki swali linalofuata. Nikabonyeza Ndiyo.

Mpaka leo ile Ndiyo inaniuma. Na ripoti ilivyotoka maneno ya yule mzee yamo, nilivyoyatoa Kichaga kwenda Kiswahili mimi mwenyewe neno kwa neno, ila jina langu halipo hata kwenye shukrani.

GPA yangu ni 3.6. Je, hii ni kazi mtu anaweza kuishi nayo hapa kwetu? Naanzia wapi? Waliopita huko nisaidieni.

Mzee wa Sakina

Marahaba binti yangu. Umenigusa nikashindwa kupita.

Mimi nimekaa na makaratasi ya mambo haya zaidi ya miaka kumi pale AICC, kile kituo cha mikutano cha kimataifa, wakati ile mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iko Arusha. Sikua mwanasheria, nilikua upande wa nyaraka, kupokea, kupanga, kutoa nakala. Kwahiyo nasema nilichokiona kutokea kwenye makabati.

Baba yako mweleze kwa heshima kwamba hii amani yetu ndo iliyowaleta wagombanao kukaa Arusha. Agosti 1993 serikali ya Rwanda na waasi wa RPF walisaini makubaliano hapahapa, Aprili 1994 mauaji yakaanza, miezi nane tu. Tarehe 28 Agosti 2000 Warundi nao wakasaini hapahapa, Mwalimu ndo alikua msuluhishi mpaka alipofariki Oktoba 1999, Mandela akapokea kijiti. Mezani palikua na pande 19 ila CNDD-FDD na FNL, wale wenye bunduki porini, hawakuwemo kwenye kusaini, vita vikaendelea, CNDD-FDD wakaja kukubaliana na serikali 2003. Mji mmoja, makubaliano mawili, miisho tofauti kabisa. Nani alikaa mezani, nani aliachwa nje, nani alisaini huku moyoni hajakubali, hayo ndo maswali ya fani unayoitaka na watu wanayatafuna mpaka leo.

Lakini kilichonifanya niandike ni hiyo Ndiyo yako. Tafuta hukumu ya Akayesu, aliyekua meya wa Taba kule Rwanda, ya tarehe 2 Septemba 1998. Ndo mara ya kwanza mahakama ya kimataifa inamtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na ndo iliyosema ubakaji nao unaweza kuwa tendo la kimbari. Wengi wanaishia hapo. Ila humo ndani kuna sehemu majaji wanachambua maneno ya Kinyarwanda moja baada ya jingine, Inyenzi (mende), Inkotanyi (wapiganaji wa RPF), Ibyitso (washirika wa adui), neno hili mtu wa kawaida mwaka ule alilielewaje, na yale maneno mashahidi waliyotumia kusema wamebakwa bila kulitaja jambo lenyewe. Ilibidi aitwe mtaalamu wa lugha kuja kueleza. Maneno ya shahidi yalikua yanatoka Kinyarwanda yanaingia Kifaransa ndo yafike Kiingereza, na shahidi mwenyewe yuko nyuma ya pazia anaitwa kwa herufi. Neno likiteleza hapo katikati kesi nzima inayumba. Sasa wewe umekaa mbele ya mzee ukaona neno "umetatuliwa" limeshindwa kubeba alichokisema. Hiyo ndo kazi yenyewe binti, umeshaianza.

Mahakama ilifungwa mwisho wa 2015, walioshtakiwa walikua 93, na makaratasi yote sasa yako Lakilaki, nje kidogo ya Arusha, kwenye ile taasisi iliyorithi kazi zake. Zile za wazi zinasomeka mtandaoni bure. Watu wanapanda ndege kuja kuzisoma, wewe uko Moshi, nauli ya Costa tu.

Na hilo la Tanzania kuna amani, muulize baba kama anakumbuka habari za Engare Nanyuki. Mwaka 1951 Wameru walitolewa kwenye ardhi yao kwa nguvu kuwapisha walowezi, mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda mpaka Umoja wa Mataifa New York kuwasemea, na wakili aliyekua nao, Earle Seaton, ofisi yake ilikua hapohapo Moshi. Mlima mwingine, jirani zetu kabisa.

Kijana wa Ngaramtoni

Dada pole kwa hilo la jina, na hongera kwa moyo. Mzee wangu hapo juu simpingi hata kidogo ila mimi nataka uone na upande wa tumbo, maana nimepita njia hiyohiyo.

Nilisoma mastaz ya amani Ulaya kwa ufadhili, nikarudi 2018 nikiwa na furaha zangu zote, nikakaa miaka miwili bila kazi ya maana. Sababu ni kwamba hapa kwetu tangazo lililoandikwa "mtafiti wa amani" karibu halipo, kazi ipo lakini inakuja na majina mengine, afisa ufuatiliaji na tathmini, afisa miradi, mratibu wa masuala ya ardhi, mshauri wa jinsia, na kila tangazo linauliza unajua kufanya nini kwa mikono. Nadharia nilikua nazo kibao. Takwimu sijui, ramani za kompyuta sijui, sheria ya ardhi sijui. Nikaanza upya, nikajifunza takwimu kwa kutumia R ambayo ni bure unaipakua tu, halafu ramani kwa QGIS nayo ni bure, usiku baada ya kazi za kubangaiza, na hiyo ndo ilinifungulia mlango. Kwahiyo ukienda mastaz usiende bila kitu kimoja cha kushika mkononi.

La pili, miradi inafungwa. Mimi wa kwangu ulifungwa kwa imeili moja siku ya Ijumaa, Jumatatu hakuna mshahara, na nyumba napanga. Ukiingia huku weka akiba ya miezi sita kabla ya kitu kingine chochote.

La tatu watu huwa hawalisemi. Hizi habari zinakaa mwilini. Niliwahi kuhoji akina mama waliopoteza watoto kwenye mapigano ya wakulima na wafugaji, wiki tatu mfululizo, jioni nachapa mahojiano nimevaa spika za masikioni, sauti zao ziko ndani ya kichwa changu. Nikaacha kulala. Mke wangu ndo aligundua kabla yangu. Nilienda kuongea na mshauri wa saikolojia na ilinisaidia, ila hakuna aliyenifundisha darasani kwamba hiyo nayo ni sehemu ya kazi. Usihoji habari za vifo siku tano mfululizo, na usichape usiku.

Kuhusu saccos sikwambii uikatae. Afisa mikopo anakaa katikati ya ugomvi wa familia kila siku, shamba limewekwa dhamana mke hajui, mdhamini kakimbia. Ungejifunza mengi na unalipwa.

Mama Rau

Binti, kwanza kabisa naomba uhariri posti yako. Umetaja kata na umetaja kitongoji, ukiongeza na hilo kopo la rangi mtu wa pale anamjua mzee wako mara moja, na mdogo wake akisoma kabla hajaletewa hilo sale umeharibu kitu ambacho mzee amekitunza miaka. Sikugombezi, nakuonyesha ambacho utakifanya maisha yako yote ukiingia huku. Toa majina ya sehemu sasa hivi halafu endelea kusoma.

Mimi nafundisha chuo kikuu, kipi sitataja. Baba yako ameuliza swali zuri kuliko anavyojua. Johan Galtung, yule Mnorwe aliyeanzisha taasisi ya utafiti wa amani ya PRIO pale Oslo 1959, amefariki Februari 2024, mwaka 1969 aliandika makala ambayo kila mwanafunzi wa fani hii lazima aipitie. Anasema kutokuwepo vita ni amani hasi tu, amani chanya ni pale ambapo hata ule ukatili uliojificha ndani ya mifumo haupo. Mfano wake ni kifua kikuu. Mtu akifa nacho karne ya 18 huwezi kusema amefanyiwa ukatili, lakini akifa nacho leo wakati dawa zipo duniani, huo ni ukatili hata kama hakuna aliyemshikia panga. Kwahiyo ukiulizwa unasomea nini wakati amani ipo, jibu ni kwamba unasomea ni amani ya aina gani, na nani haimfikii.

Halafu kuna upande wa kuhesabu. Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, wana idara ya fani hii tangu 1971 na wana kanzidata ya vita na mapigano inayotumiwa dunia nzima. Ili mgogoro uingie humo lazima mapigano yaue watu wasiopungua 25 kwa mwaka, na wakifika 1,000 unaitwa vita. Mimi hiyo namba naitetea, bila kizingiti huwezi kulinganisha nchi na nchi. Ila ugomvi wa kihamba hauingii humo milele, na ugomvi mwingi wa kwetu hauingii. Hakuna anayeuandika isipokua mtu aliyekaa uani akasubiri mzee amalize kunyamaza.

Sasa ngazi zenyewe. Chuoni unaanza kama TA, yaani mkufunzi msaidizi mwenye digrii ya kwanza, halafu mhadhiri msaidizi ukiwa na mastaz, mhadhiri ukiwa na PhD, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Kila tangazo lina GPA yake ya digrii ya kwanza na ya mastaz, kwahiyo 3.6 yako ilinganishe na tangazo lenyewe, na mastaz usiipeleke kizembe. Kupanda juu ni machapisho, na hapo wengi wetu tunakwama maana unafundisha madarasa makubwa, unasahihisha mpaka usiku, na utafiti unaufanya likizo kwa hela yako. Mimi makala yangu ya kwanza ilinichukua miaka mitatu kutoka shambani mpaka kwenye jarida.

Kusoma huhitaji kuvuka bahari. Kurasini pale Dar kuna chuo cha diplomasia, Nairobi kuna Hekima, Uganda kuna Makerere na Gulu, na Gulu wanayasoma hayo mambo kwenye ardhi iliyopita vita vya waasi wa LRA, halafu kuna Addis Ababa. Ufadhili angalia wa Rotary, wana vituo vya amani Uppsala na Bradford kwa mastaz, na Makerere kwa diploma ya uzamili, wanataka mtu mwenye uzoefu wa kazi na huo unao, kila siku ya udadisi iandike kwenye sivii yako na kazi uliyofanya. Ukisoma nje, kurudi upeleke cheti TCU, ile tume ya vyuo vikuu, kitambuliwe kabla hujaomba kazi.

La jina lako kuachwa, nimelisoma mara mbili. Wakati mwingine kabla hujagusa kishkwambi omba kwa maandishi, mtafsiri anatajwa wapi, data inamilikiwa na nani, na nikiandika kutokana nayo ruhusa naomba kwa nani. Wakikataa utajua mapema.

Na angalia hili, umesema baraza la kata. Tangu sheria ilipobadilishwa 2021 baraza la kata halitoi hukumu tena, linasuluhisha tu, wakishindwa ndani ya siku 30 watu wanaenda baraza la wilaya. Yaani sheria yenyewe imerudisha mambo kwenye kupatanisha. Je, wajumbe wa kata wanajua kupatanisha? Wanatumia sale? Na mwanamke mjane akija, nani anamletea sale? Hapo kuna andiko zima la mastaz na sijaona aliyelifanya vizuri.

Monduli Juu

Mimi nimekua mtendaji wa kijiji miaka saba, nawapokea nyinyi watafiti. Mnakuja na barua kutoka kwa katibu tawala wa mkoa, wa wilaya, mkurugenzi, mtendaji wa kata mpaka inafika kwangu ina mihuri minne, tunawakusanyia watu chini ya mti, watu wanaacha ng'ombe, mnauliza mnaandika mnaondoka. Katika miaka yote hiyo waliorudi kutuambia wamepata nini ni wawili. Wawili tu. Mmoja alikua Mjerumani na mwingine dada mmoja kutoka Dar alirudi na karatasi nne za Kiswahili akasoma mkutanoni, wazee wakamsahihisha sehemu mbili, akaandika masahihisho palepale amesimama. Huyo hata leo akipiga simu kijiji kizima kinatoka.

Dada, kwetu mtu akishika majani mabichi mkononi akaja kwa aliyemkosea, ni kama hilo sale lenu, lazima asikilizwe. Nimeona vijana wenye sime wakisimama kwa sababu ya mzee mmoja na majani mkononi. Hilo dodoso lenu halijawahi kuniuliza habari ya majani. Ukiwa mtafiti, uliza. Na urudi.

Kijana wa Ngaramtoni

Mkuu wa Monduli umesema kweli mpaka imeniuma. Mimi ni mmoja wa wale ambao hawakurudi. Mradi ulifungwa, hela ya mrejesho haikuwepo, lakini karatasi nne za Kiswahili hazikuhitaji mfadhili. Naandika hapa ili nijishike mwenyewe, kabla ya Desemba narudi kwenye vile vijiji vitatu.

Binti wa Uru

Asanteni sana jamani, nimesoma yote mara tatu na nyingine nimelia nikisoma.

Mama Rau nimeshahariri, majina ya sehemu nimetoa yote, asante kwa kuniwahi maana sikufikiria kabisa kwamba mdogo wake mzee naye ana simu. Kaka wa Ngaramtoni nimepakua hiyo R jana usiku na binamu yangu kaniwekea. Kuhusu saccos nimeongea nao, nimewaomba niingie kwa mkataba wa mwaka mmoja wamekubali, kwahiyo nakusanya ada huku nikiandika andiko langu, na nitaanzia na hilo swali la mjane na sale, limenikaa kichwani halitoki. Hata bibi yangu nilipomuuliza alikaa kimya, akasema hajawahi kuona mjane akiletewa.

Baba nimemsomea aliyoandika Mzee wa Sakina, nikamsomea na ya Engare Nanyuki. Hajasema ndiyo. Ameuliza tu huyo Seaton ofisi yake ilikua mtaa gani hapa mjini, halafu akaanza kunisimulia mambo ya babu yangu na shamba la walowezi ambayo miaka 27 yote sijawahi kuyasikia. Nimeyarekodi kwa ruhusa yake.

Leo mchana nimempigia mtendaji wa kile kijiji. Mzee yupo, afya si mbaya, na sale anasema limekua limefika dirishani. Jumamosi napanda haisi ya saa kumi na mbili asubuhi, kishkwambi sina, nina daftari. Nataka nimwombe radhi kwa ile Ndiyo, na nimuulize kama anataka jibu lake liandikweje.